Almasi Daraja la Tatu

"Tundu! Amesema mwenyewe ina tundu! Bibie, umesikia? Kwa mdomo wake!"

"Sijasema tundu, baba. Nimesema alama. Tena alama yenyewe huioni mpaka uweke kioo…"

"Alama, tundu, kidonda, vyote baba mmoja mama mmoja! Miaka ishirini na sita nanunua ngozi mimi, leo uje wewe unifundishe tundu?"

"Hii si ngozi, baba."

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu!"

"Sipigi kelele!" Muharami akapiga kelele.

"Na mlango huo umeuacha wazi! Baridi yote ya mlima Loleza inaingia humu!"

"Nimeshaufunga mara tatu. Unafunguka wenyewe."

"Unainua kwanza, ndiyo unasukuma. Kila mtu wa nyumba hii anajua."

Kila mtu wa nyumba hii. Maneno hayo yalimchoma Muharami kuliko baridi ya mwezi wa sita. Maana kitu alichokuwa anakitafuta duniani ni hicho tu, awe mtu wa nyumba hii. Amwoe Siwema, binti wa mwenye nyumba, aingie na kutoka kwa mlango huu, ajue unainuliwa wapi na unasukumwa wapi. Kwa ajili hiyo alikuwa ametoka Iringa juu ya lori la mbao, siku nzima na nusu, punje moja ya almasi imeshonewa ndani ya mkanda wa suruali, na kila lori liliporuka shimo alijishika kiunoni kama mtu anayeumwa nyongo.

Kwa kawaida mambo haya hayaongelewi na bwana harusi. Yanaongelewa na mshenga, mtu mzima, mwenye kofia na maneno ya kuzunguka. Lakini Mzee Isihaka alishakataa mshenga. Alisema mshenga akipewa almasi abebe, ataibadilisha njiani. "Aje mwenyewe na jiwe lake," alisema, "nilione, nilipime, nilipe daraja." Basi kijana akaja mwenyewe, na sasa alikuwa anapigizana kelele na mkwe kabla hata chai haijapoa.

Sasa huyu Mzee Isihaka ni nani? Ni mnunuzi wa ngozi hapa Mbeya, ngozi za ng'ombe na mbuzi, na anapenda sana kukumbusha kwamba babu yake alitoka Kilwa. Yeye mwenyewe bahari hajaiona, lakini wenzake wote anawaita watu wa bara. Sikioni amechomeka chaki. Kila asubuhi ngozi zinamwagwa uani, yeye anapita, anageuza, anavuta, anaziinua juani atafute tundu, halafu anaandika kwa chaki: mstari mmoja, namba moja, miwili, namba mbili, mitatu, namba tatu. Iliyooza anaipiga alama ya msalaba. Na kazi hiyo aliifanya muda mrefu mpaka ikamwingia kwenye damu. Wali akiletewa anaupa daraja. Hotuba ya Ijumaa anaipa daraja. Mume wa kwanza wa dada yake Bibie alimpa namba moja, mwanamume mrefu, mgongo mpana, hana kovu hata moja. Akatoroka na nguo za Bibie zote, hata kanga ya kulalia. Isihaka akasema alikaguliwa vizuri, aliharibikia ghalani.

Habari ya almasi ilianza hivi. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi, binti akatolewa na bangili za dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Mji mzima ukazisema. Isihaka akakosa usingizi. Lakini dhahabu naye angeifanyia nini? Chunya yenye migodi iko pale nyuma ya mlima, dhahabu Mbeya watu wameizoea, hata mama wa maandazi wa Sokomatola akicheka unaona jino linawaka. Basi siku moja akafungua gazeti lililofungiwa sukari, akaona picha ya almasi za mgodi wa Mwadui. Kusoma hakusoma sana. Picha ilimtosha. Alasiri ile ile alitangaza msikitini, dukani na kwa kinyozi: "Siwema wangu haolewi kwa dhahabu. Anaolewa kwa almasi."

Siwema hakuulizwa. Alikuwa ndani anapinda pindo la nguo za watu, sindano mkononi, kama kila siku.

Muharami alipopata habari hiyo kule Iringa hakuogopa hata kidogo. Alicheka. Maana yeye, alipomaliza darasa la nane na kukosa nafasi ya kuendelea, alipewa kazi na sonara mmoja wa Kihindi, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kipajini. Hapo ndipo alipomwona Siwema kwanza, alikuja Iringa na shangazi yake kwenye harusi, akaleta hereni iliyokatika ndoano. Kazi ya dakika kumi. Muharami aliifanya siku tatu. Siku ya nne hereni ilikuwa imepona na yeye ndiye mgonjwa.

Almasi basi aliijua. Yule mzee alimfundisha kwa subira. Alimwekea vijiwe viwili juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, akamwambia, haya, lipi lina maji meupe, yaani rangi safi, na lipi limeingia uchai? Ukilitazama peke yake utasema jeupe, ukiliweka na mwenzake utaona aibu yake. Akampa kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kubana jichoni, akamwambia aingie ndani ya jiwe kama anaingia chumbani, atafute unywele, kiwingu, chembe nyeusi. Karibu kila jiwe lina chembe, alisema, na anayekuapia kwamba lake halina kabisa, mshike mkono na mfuko wako pia. Halafu mkato. Jiwe likikatwa vibaya mwanga unaingia na kupotelea chini kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Likikatwa vizuri unarudi wote usoni kwako. Uzito, karati, aliutaja mwisho kabisa, tena kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Mjinga ananunua uzito," alisema. "Ananunua kubwa, anapeleka nyumbani giza."

Muharami aliyashika hayo yote. Miaka miwili hakununua shati. Baiskeli aliiuza. Mwisho sonara akamwagizia kutoka kwa nduguye wa Dar es Salaam punje moja, robo karati, nyeupe kabisa, mkato safi, na risiti yake. Ndani, pembeni, kulikuwa na chembe moja ndogo kama vumbi la chaki. Muharami aliipenda hata hiyo chembe. Aliijua ilipo kama mtu anavyojua baka la mpenzi wake.

Na kosa lake, bwana, ni kwamba aliitaja.

"Ina alama moja ndogo sana," alisema asubuhi ile, kwa uaminifu wote wa darasa la nane, alipoifungua karatasi juu ya meza. Juu ya kitambaa cha meza, hasa. Kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu pande zote nne, majani yake mishono midogo midogo kama mchanga, kazi ya miezi. Muharami alikiangalia akaona kitu kimoja tu: ni cheupe, jiwe litaonekana vizuri.

"Iko wapi almasi yenyewe?" aliuliza Mzee Isihaka, akiinama.

"Hiyo hapo, baba."

"Hiki? Nilidhani umekohoa." Akaigusa kwa ncha ya chaki. "Bibie, wewe unauza mchele. Hiki kwenu mnakiitaje?"

Shangazi Bibie, mama mnene mwenye biashara yake ya mchele wa Kyela na maoni yake juu ya kila jambo, aliinama naye. "Chenga," alisema. "Tena chenga ya chini ya gunia. Mie hizi nawatupia kuku."

"Umesikia? Chenga! Yenye tundu!"

Na hapo ndipo kelele zilipoanza, na mlango ukafunguka wenyewe.

Jambo lililomfanya Isihaka awe mkali vile lilikuwa limelala upande wa pili wa kitambaa. Jiwe jingine. Hilo lilikuwa kubwa kama harage, harage la Mbeya lile la kushiba, rangi yake kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Lililetwa wiki iliyopita na Halfani wa Nyololo, mwenye malori mawili, hoteli ya barabarani na wake wawili, aliyetaka sasa awe nao watatu. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Aliliacha pale juu ya meza, akasema mzee alitafakari, akaondoka na lori lake. Na Isihaka alilitafakari kila siku baada ya kila sala.

Mbele ya jiwe hilo, juu ya ubao wa meza nje ya kitambaa, alikuwa ameshaandika mstari mmoja wa chaki. Mbele ya punje ya Muharami sasa akaandika mitatu.

"Baba, niruhusu nilitazame hilo la Halfani."

"Tazama. Ujifunze."

Muharami akabana kioo jichoni, akaliinua jiwe dirishani. Alitazama kidogo tu. Akajizuia kucheka, kicheko kikamtokea puani.

"Baba, hili ni chupa."

"Chupa!"

"Ndani mna viputo. Viputo vya hewa, vya mviringo, vimejipanga kama kwenye soda. Almasi haina viputo. Hiki ni kioo kilichokatwakatwa, labda kizibo cha chupa ya manukato."

"Kwa hiyo lako lina tundu moja ni almasi, na hili lenye pumzi ndani ni chupa?"

"Na rangi yake, baba. Hata lingekuwa almasi, limeingia manjano. Almasi nyeupe ndiyo ya juu."

"Dhahabu ina rangi gani?"

"Manjano, lakini…"

"Na Mungu aliyeumba dhahabu ndiye huyo huyo aliyeumba almasi, au mna wawili huko Iringa?"

Shangazi Bibie akapiga makofi. "Mjibu hapo, mwanangu. Mjibu."

Muharami akaanza kueleza mkato. Alieleza mwanga unavyoingia, unavyogonga ukuta wa kwanza, wa pili, unavyorudi. Alitumia mikono yote miwili. Mzee Isihaka alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na likivaliwa, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara analiona?"

"Ng'ambo ya barabara? Hapana. Unalisogelea."

"Basi watu wa Mbeya wote wapange foleni wausogelee mkono wa binti yangu? Jailos! Bwana Jailos, njoo huku! Wewe ndiye mtu wa mawe."

Kumbe pembeni, kwenye stuli, alikuwepo mtu wa nne muda wote huo, anakunywa chai yake taratibu. Jailos alikuwa mchimbaji wa Makongolosi, mtu mrefu mkavu, kofia ya majani kichwani, mikono imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Kila alipopata dhahabu alikuja mjini kuila, na ikiisha alirudi. Isihaka alimwita siku ile makusudi, kwa sababu kwa akili yake jiwe ni jiwe, na anayejua la njano atajua na jeupe.

Jailos akafuta mikono kwenye suruali. Akalichukua jiwe la Halfani, akalipima kiganjani. "Zito," alisema. Akaling'ata kidogo. "Gumu." Akalirudisha kwa heshima. Akaichukua punje ya Muharami, akaipima kiganjani, akatazama kiganja, akaitafuta. "Hii haina uzito."

"Robo karati," alisema Muharami.

"Sijui karati. Kwetu tuna kipimo kimoja, hakijawahi kudanganya mtu tangu enzi za Mjerumani." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa nyundo ndogo. "Dhahabu ya kweli ukiigonga inalala. Inatandazika kama chapati. Ile ya uongo, ile inayong'aa kuwadanganya wageni, ukiigonga inavunjika. Ya kweli haivunjiki. Nani ana chuma?"

Hapo Muharami angepaswa kuruka meza. Lakini Mzee Isihaka alikuwa amemshika bega wakati ule ule, anamwuliza, malori mawili na kioo cha kubana jichoni, kipi kinabeba magunia mengi, na kijana akageuka kumjibu, maana alikuwa na jibu zuri. Shangazi Bibie akanyoosha mkono chini ya meza akatoa pasi ya mkaa ya Siwema, akaipindua tako juu.

"Weka hapa, Bwana Jailos. Chuma kizima hiki."

"Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote duniani," Muharami alikuwa anasema, "ndiyo sababu…"

Tak.

Mlango, uliokuwa unalia kwa upepo, ukaacha.

Juu ya pasi palikuwa na unga mweupe na vipande vinne, vitano, kama chumvi iliyomwagika.

"Imevunjika," alisema Jailos, kwa huzuni ya daktari. "Pole, kijana. Walikudanganya."

Muharami aliona baiskeli yake. Aliona mashati yote ambayo hakununua, moja baada ya jingine, yamepangwa kwenye kamba. "Ngumu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini, "ngumu maana yake haichorwi. Sikusema haivunjwi. Hata sahani ni ngumu. Bwana Jailos, ile ilikuwa almasi."

"Ya kweli haivunjiki."

"Dhahabu haivunjiki! Almasi inavunjika! Haya ligonge na hili la Halfani basi! Ligonge!"

Jailos, mtu wa haki, akainua nyundo. Mzee Isihaka akajilaza juu ya meza kifudifudi, kifua juu ya jiwe.

"Hili usiliguse!"

"Kwa nini, baba? Si ni la kweli?"

"Kwa sababu ni la kweli! Namba moja haipigwi nyundo! Umeona wapi mtu anatoboa ngozi namba moja ajue kama inatoboka?"

Muharami alitazama huku na huku. Halafu akili ya sonara ikamrudia. Akachukua kijiti cha kiberiti. Alihitaji kitu cha kunatisha. "Nta," alisema. "Nani ana nta? Kidogo tu."

Pazia la mlango wa chumbani likasogea. Mkono mmoja ukatoka, mkono mwembamba, vidole vimejaa vitobo vya sindano, na katikati ya kiganja kidonge cha nta, ile ya kupaka uzi usikatike. Muharami akakichukua. Hakuwa na nafasi ya kuutazama mkono kwa kituo. Akanatisha kipande kimoja kwenye ncha ya kijiti, akaenda dirishani, akavuta mstari juu ya kioo. Kriiii. Ukabaki mstari mweupe, mwembamba, umeingia ndani hasa, hata ukiufuta haufutiki.

"Sasa baba, chukua jiwe la Halfani. Chora hapo chini yake. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Tumia kona, ile kali kuliko zote."

Isihaka akachora. Likateleza. Akakandamiza. Likateleza tena, na kona ndiyo ikaanza kusagika. Akatemea mate kidogo, akasugua kwa nguvu mpaka jasho likamtoka kipajini katika baridi ile. Kioo kikawa kisafi kuliko mwanzo.

"Umeona?" alisema Muharami. "Almasi inakata kioo. Kioo hakikati kioo."

Isihaka alilitazama jiwe lake muda mrefu. Ukadhani ameelewa. Halafu uso ukamfunguka.

"Ni laini!" alisema. "Bibie, njoo ushike. Laini! Mie nilijua tu. Ngozi ngumu yenye kukwaruza ndiyo ile iliyokaushwa chini, juani, namba tatu. Ngozi laini ndiyo namba moja! Na wewe, umenichorea dirisha langu!"

Muharami akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu, kiti kikawepo kwa bahati.

Lakini Jailos hakukaa. Alikwenda dirishani, akapitisha ukucha juu ya ule mstari, mara moja, mara mbili. Akavua kofia. "Mzee Isihaka," alisema polepole, "nadhani nimeua jiwe la kweli."

Na hapo pazia likafunguka lote, Siwema akatoka. Hakuwa na kishindo. Alikuwa na uzi mdomoni, akaukata kwa meno, akachomeka sindano kwenye kanga begani, akamwangalia kila mmoja kwa zamu yake, kama anawahesabu kuku.

"Rudi ndani," alisema baba yake. "Tunaongea mahari."

"Mahari ya nani, baba?"

"Yako."

"Ndiyo sababu nimetoka." Akaiinua pasi yake, akaigeuza, akatazama tako lake. "Mmenipigia pasi nyundo. Angalieni. Kesho nikipiga nguo ya mtu itaacha alama. Shangazi, mahari inatajwa na nani?"

Shangazi Bibie alimtazama kaka yake, akatazama dari. "Na bibi harusi," alisema. "Hilo hata mwalimu wa madrasa atakwambia. Anaulizwa yeye, anataja yeye."

"Nimeulizwa?"

Mzee Isihaka akaichomeka chaki sikioni.

Muharami akasimama. Sasa ndiyo wakati wake, alidhani. "Siwema," alianza, "mimi nilikuwa…"

"Na wewe," alisema Siwema.

Akakaa tena.

"Barua kumi na moja umeniandikia. Ninazo zote. Ya kwanza maji meupe. Ya pili na ya tatu usafi, umenichorea na picha. Mkato peke yake umekula barua nne. Nimeijua almasi mpaka naiota. Ipo hata moja umeniuliza, Siwema, wewe unataka nini?"

Muharami alizipitia kichwani barua zake zote kumi na moja. Ile ya tisa ilimpa tumaini kidogo, kisha akakumbuka kwamba ile ilikuwa ya karati.

"Haipo," alisema.

"Umekaa hapa asubuhi nzima umekodolea punje. Iliwekwa juu ya nini?"

Muharami akatazama meza. Akakiona kitambaa. Maua mekundu, pande nne, majani kama mchanga. Akakumbuka vitobo vya vidole. Masikio yakamwaka moto.

"Nataka cherehani," alisema Siwema. "Ya miguu. Ndiyo mahari yangu, sina nyingine. Pale kwa Mhindi wa karibu na posta ipo moja iliyotumika. Ina kutu chini ya meza na mkanda umelegea. Nimeshaikagua mara nne, hizo alama nazijua, nazikubali. Mwenyewe ana saa za ukutani zimekufa, dukani zinaning'inia tu, hakuna fundi Mbeya nzima. Amesema atakayezifufua watasikilizana bei ya cherehani. Wewe si uliniandikia unajua saa? Mstari mmoja, mwisho wa barua ya sita."

"Naijua saa," alisema Muharami.

"Cherehani!" alilia Mzee Isihaka. "Nimeshawaambia watu almasi! Msikitini! Kwa kinyozi! Nikapite wapi mie?"

"Waambie ilikuwa almasi, baba. Si ililetwa?"

"Iko wapi sasa?"

"Hiyo hapo kwenye pasi. Mmeivunja wenyewe."

Isihaka akaitazama pasi. Kitu kilikuwa kinapita kichwani mwake, ungeweza kukiona kinavyotembea. "Tumeivunja," alisema. Akaonja neno. "Almasi imeletwa nyumbani kwangu, nami nikaipiga nyundo." Akamgeukia dada yake. "Bibie, kuna mtu Mbeya hii amewahi kuponda almasi kwa nyundo?"

"Mbeya?" alisema Shangazi Bibie. "Hata Iringa hakuna. Hata Kilwa."

"Yule wa mtaa wa pili na bangili zake, anaweza kuzigonga?"

"Anaweza. Zitalala tu, kama chapati."

"Mbele ya shahidi! Bwana Jailos, wewe ni shahidi!"

"Mimi ndiye niliyegonga," alisema Jailos, bado ameshika kofia. "Mungu anisamehe."

"Na la Halfani?" aliuliza Shangazi Bibie.

"Atarudishiwa," alisema Isihaka, ingawa mkono wake haukuliachia. "Si jiwe baya. Laini mno kwa nyumba hii, lakini si baya."

Muharami alikuwa ameshasimama. Aliyakunja mabaki ya unga na vipande ndani ya karatasi yake, akamkabidhi Siwema, naye akayatia ndani ya kopo la vifungo bila kuyatazama mara mbili. Kioo cha kukuzia akakitia mfukoni, chembe za nta bado zimemnata vidoleni. Alitaka kusema neno la maana, neno la kukumbukwa.

"Saa ngapi zimekufa?" aliuliza.

"Sita," alisema Siwema. "Na ya mfukoni moja. Nenda kabla hajafunga kwenda kula."

Akaenda. Mlangoni aligeuka mara moja tu. Mzee Isihaka alikuwa ameinama juu ya meza, mbele ya ile mistari mitatu, ambako sasa hapakuwa na jiwe lolote. Alilamba kidole, akafuta mstari mmoja. Akafikiri. Akatazama dirisha lililochorwa, akatazama mtaani, akafuta na wa pili.

Muharami akatoka nje kwenye baridi, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauinua kwanza, ndiyo akausukuma, nao ukafunga.